Mkono wa Salamu Njia Panda ya Kwihara

Siku ile saa ilipopata mwenyewe tulikuwepo watano. Alikuwepo Mzee Mihayo, fundi sanifu wa barabara, aliyetuita. Alikuwepo Shabani, dereva wa gari la ofisi, ingawa sina hakika kama mtu aliyelala kwenye usukani huhesabiwa kuwa yupo. Alikuwepo Mama Asha, muuza karanga, mwenye kivuli pekee pale njia panda, kwa hiyo sote tulikuwa wageni wake. Alikuwepo Kibwana, Mzaramo aliyeshuka kwenye treni wiki hiyohiyo akiwa na begi moja na maneno mengi. Na nilikuwepo mimi, Kabula.

Mzee Mihayo alifungua mkoba wake akatoa vitu viwili. Kimoja kilikuwa ubao wenye karatasi ya kuhesabia magari. Cha pili kilikuwa saa ya kubonyeza, ya chuma, nzito, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Mzee akaniwekea ubao kwenye ule mkono, kisha akageuka akamvisha Kibwana saa.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana wa ofisi mmeniomba niandike jinsi tulivyokusanya takwimu za njia panda zenye alama ya SIMAMA, kabla ya hizo kamera mnazozifunga juu ya nguzo na kwenda kunywa chai. Nitaandika. Ila mjue kwamba kazi hii nimeifanya miaka yote nikiitazama saa ile kwenye shingo ya mtu mwingine. Mkitaka maelezo ya mtu aliyetulia, mwulizeni Shabani.

Shule niliiacha nikiwa darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini. Nyuma yangu walikuwepo watatu, na wa mwisho, Masele, alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Nilikaanga maandazi nikawa nauza karibu na stesheni, asubuhi na jioni, Masele mgongoni, mpaka mji mzima ukanijua kwa jina. Madereva wa malori ya tumbaku kutoka Usoke walinijua, waendesha baiskeli wa asali walinijua, hata masheikh wa mjini walituma watoto kwangu. Mzee Mihayo naye alikuwa mteja. Siku moja aliniambia mtu anayekumbuka nani kala mangapi bila kuandika popote anafaa kuhesabu magari. Ndivyo nilivyoingia kazini, nikiwa msichana mkubwa, wadogo zangu wakiwa wameshaanza shule, na mimi nikiwa na nia ya kuwamalizisha wote. Niliwamalizisha.

Njia panda ya Kwihara ilikuwa na miguu mitatu. Miwili ilikuwa ya barabara kubwa ya lami, ambayo haisimami. Wa tatu ulikuwa wa vumbi, ukitokea Kwihara, nao ndio uliokuwa na alama ya SIMAMA. Wengi hudhani kuhesabu magari ni kuhesabu magari. Mzee alitufundisha kwamba gari bila kujua linakoelekea ni bure. Anayetoka Kwihara akikata kushoto anawangoja wanaotoka upande mmoja tu. Akikata kulia anawangoja wa pande zote mbili. Na yule wa kwenye lami anayetaka kuingia Kwihara kwa kukata kulia, naye anamngoja anayekuja mbele yake, ingawa hana alama yoyote ya kumwambia hivyo. Kila mmoja anaandikwa mahali pake. Unachora fito nne, ya tano unazikata.

Karatasi tuliibadilisha kila robo saa. Nilipouliza kwa nini tusihesabu saa nzima mara moja, Mzee alisema saa nzima huficha robo yake mbaya, kama familia inavyomficha mlevi wake. Malori tuliyatenga na magari madogo, kwa sababu lori la tumbaku linapoondoka kwenye alama huchukua muda ambao magari madogo mawili yangeshapita. Baiskeli tuliziandika peke yake, mikokoteni ya punda peke yake, waenda kwa miguu wanaovuka peke yao. Tulipima mteremko, kwa sababu upande wa Kwihara unapanda kidogo kuikuta lami, na baiskeli yenye madumu ikishasimama pale haiondoki kirahisi. Tulipima upana wa mdomo wa barabara, tuone kama gari dogo laweza kujipenyeza kando ya lori na kukata kushoto bila kungoja. Tuliandika pia kwamba njia ya reli iko karibu. Treni ikipita, magari hukaa yakirundikana, kisha huja yote pamoja. Mzee aliita kundi la namna hiyo msafara. Alisema hesabu hudhani magari huja yakiwa yametawanyika, moja moja, bila kuambizana. Penye msafara lazima uandike, la sivyo hesabu itadanganyika.

Hayo yote yalikuwa yangu, na niliyafanya vizuri. Lakini ya Kibwana yalikuwa matamu zaidi, na nilijua.

Kibwana alikaa karibu na mstari wa kusimamia, juu ya jiwe. Mkia wa gari moja la lami ukimpita, anabonyeza. Pua ya gari linalofuata ikifika, anabonyeza tena. Hapo katikati ni mwanya. Mtu wa Kwihara akiingia, mwanya umekubaliwa. Akibaki, umekataliwa. Ukikusanya mianya mingi iliyokubaliwa na iliyokataliwa unapata namba moja, mwanya mdogo kabisa ambao mtu wa kawaida wa mahali hapo atathubutu kuuingia. Vitabuni ina jina gumu. Mzee aliiita subira ya mahali. Hebu fikirieni: mimi nilikuwa naandika fito, na mwenzangu alikuwa anapima subira ya mji nilikozaliwa. Mgeni! Mtu ambaye hakujua hata tofauti ya mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, na habari za jioni.

Nilimfuata Mzee ofisini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti."

"Naomba kesho mimi nishike saa."

"Kesho utashika ubao."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Hakuna anayehesabu kama wewe."

"Na Kibwana?"

"Kibwana hajui mtu hapa," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nilitoka nikidhani anamhurumia mgeni. Nikasema moyoni, kumbe huruma. Basi na mimi yatima aliyelea wadogo watatu, huruma yangu iko wapi?

Kibwana mwenyewe hakunisaidia kumchukia, na hilo nalo lilinichukiza. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na pembe na kurudi na nguo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, na huna ruhusa ya kununa. Kila asubuhi alianza.

"Mpagazi wangu, umeshatua?"

"Nimetua. Wewe umeshaacha kucheza ngoma?"

"Sisi tunacheza kwa sababu tumeshiba. Babu yako alifika kwetu miguu imepasuka, akaomba maji."

"Na babu yako akamuuzia!"

Mama Asha alicheka mpaka karanga zikamwagika. Mzee Mihayo, ambaye kwangu mimi alitabasamu kwa vipimo, alicheka mpaka akatoa leso. Niliona. Niliona pia kwamba wakati wa mvua, mwavuli mmoja wa ofisi ulienda mstarini, kwa mwenye saa, kwa kuwa saa haitakiwi kulowana. Ubao, inaonekana, hupenda maji.

Halafu Kibwana akamchukua Masele. Simaanishi kwa ubaya. Masele alipokuwa kijana akaanza kubeba asali kwa baiskeli kutoka Kwihara kuleta sokoni, na kila alipofika mstarini alisimama kuzungumza na Kibwana, si na mimi. Nilimlea kwa maandazi. Nilimtia shule. Akipata jambo la kufikiri, anamwuliza nani? "Mtani kasema nisubiri." "Mtani kasema baiskeli hii haifai." Nikamwambia, basi kahamie kwa mtani wako. Akacheka, "Dada, nawe!" na kesho yake akaenda kula kwake.

Sasa nije kwenye kesi ngumu, ambayo ndiyo mliyoiomba.

Ofisi ilitaka kujua kama alama ya SIMAMA upande wa Kwihara pekee inatosha, au njia panda ile inahitaji jambo lingine. Akaja injinia kijana kutoka makao makuu na kompyuta yake, mtu mpole na mwenye adabu. Aliingiza takwimu zetu, akakuna kichwa. Watu wa Kwihara, alisema, wanaingia kwenye mianya midogo mno. Kwa subira ile, kila siku tungekuwa tunaokota watu barabarani, lakini hatuokoti. "Mzee," aliuliza, "hawa watu ni wakorofi, au saa ni mbovu?"

Nilisali saa iwe mbovu, au mshika saa.

Kibwana alisema saa ni nzima, ila kuna jambo bado analitazama, apewe siku chache. Mzee akampa. Mimi nilipoomba siku chache za kufundishwa saa sikupewa, lakini tuendelee.

Kabla siku zile hazijaisha, Masele alifika mstarini na madumu ya asali nyuma ya baiskeli. Akasimama kama alama inavyosema, mguu mmoja chini. Kwenye lami ilikuwa inakuja pikapu. Dereva wake alikuwa mteja wangu wa maandazi wa tangu zamani, mtu wa Igalula, na aliponiona chini ya kivuli cha Mama Asha alipunguza mwendo kidogo, akainua mkono. Nami nikainua wangu, kama nilivyoinua kwa wote. Masele aliuona mkono wa dereva. Akadhani anaambiwa pita. Akapanda baiskeli, akaingia.

Pikapu ilifunga breki, ikamkuta kwenye gurudumu la nyuma. Nilisikia bati la madumu likigonga lami. Nilipofika asali ilikuwa imeshatambaa kwenye lami, na Masele hakuwepo. Alikuwa mgongoni mwa Kibwana, anapelekwa kwenye gari la ofisi, mguu wake ukining'inia vibaya, mikono ameizungusha shingoni mwa yule mtu pamoja na kamba ya saa. Na hata pale, wakati ambapo dada mwenye akili angesema alhamdulillahi au asante Mungu, mimi nilifikiri: amekaa karibu na mstari, ndiyo maana kafika kabla yangu.

"Shabani, amka!" Kibwana alikuwa anapiga kelele. "Leo Mzaramo kambeba Mnyamwezi, dunia imegeuka!"

Masele, na maumivu yale, alicheka.

Mguu ulipona kwa kuchechemea. Tulipokaa ofisini baadaye, dereva wa pikapu alisema, "Nilimsalimia Kabula." Masele alisema, "Aliniambia pita." Injinia alimtazama huyu na yule, akatafuta mwongo, hakumpata.

Ndipo Kibwana alipozungumza, kwa mara ya kwanza bila utani.

"Hilo ndilo nililokuwa nalitazama. Hapa mtu wa lami akimwona anayemfahamu anaondoa mguu kwenye mafuta na kuinua mkono. Gari linapungua mwendo. Wa Kwihara wameshazoea, wakiona mkono wanaingia. Mara nyingi wanapona kwa sababu gari lilishapungua. Siku ambazo Kabula hayupo, mikono inakuwa michache, na watu wanasubiri zaidi. Sikujua niseme vipi."

Mimi nilikuwa nimekaa pale miaka. Nilipungiwa mkono na kujibu, kupungiwa na kujibu, huku nikiandika fito bila kukosea. Sikuuona mkono kwa sababu ulikuwa mkono wangu. Ilibidi aje mtu wa pwani kuuona.

Mzee Mihayo akavua miwani. "Hesabu ya njia panda," alimwambia injinia, "inadhani barabarani hakuna ndugu. Mwenye haki ya njia anaichukua, asiye nayo anangoja, hakuna anayemjua mwenzake. Kule nilikosomea huenda ni kweli. Hapa tunasalimiana tangu kabla ya lami." Kisha akanigeukia. "Ndiyo maana sikukupa saa, binti. Ukikaa mstarini wewe, hupimi subira ya mahali. Unapima heshima yako. Nilimtaka mtu asiyejulikana. Nikadhani kukuweka kivulini kunatosha. Hapo nilikosea mimi."

Vijana, andikeni hili kwanza kabla ya upana na mteremko: mpimaji akae mahali asipoonekana, na anayejulikana akae mbali zaidi. Toka siku ile tulihamia nyuma ya banda la Mama Asha, tukachungulia kwenye upenyo wa mabati. Kila mwanya uliokubaliwa kwa kupungiwa mkono tuliutia alama pembeni, na subira ikapigwa kwa mianya isiyo na mkono tu. Injinia alirudia kazi yake, hesabu ikafanana na barabara. Mwishowe waliweka alama ya SIMAMA pande zote tatu, kwa sababu watu wa hapa watasimama tu kusalimiana, basi heri wasimame wote.

Mtadhani nilifarijika. Nilinyimwa saa kwa sababu nimependwa na mji. Jaribuni kulala na faraja ya namna hiyo. Mwizi angalau ungemshtaki.

Miaka ikaenda. Kibwana alioa mjini, akajulikana kuliko mimi. "Mtani! Mtani!" kutoka kila gari, kila baiskeli. Nilimwendea Mzee nikamwambia kwamba kwa kanuni yake mwenyewe Kibwana sasa hafai kushika saa. Mzee alikubali kabisa, akamleta msichana mgeni kutoka Nzega, akampa yeye. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Mzee alipostaafu aliichukua saa, maana haikuwa ya ofisi, alinunua mwenyewe ujanani. Mwaka jana alifariki. Tulimzika kwao, watu wengi, mvua ikitishia. Jeneza lilipofika, Kibwana aliruka ndani ya shimo, na viatu vyake vya ofisini, akakaa chini akakunja miguu.

"Wapagazi!" alipiga kelele. "Mzigo huu haushuki mpaka nilipwe. Mzee huyu alinifanyisha kazi juani, na mwavuli wenyewe ulikuwa na tundu."

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, kama mtani anavyotakiwa awafanyie. Mtoto mkubwa wa marehemu aliinama ukingoni. "Unataka nini, mtani? Kuku?"

"Kuku wenu wamekonda. Nataka saa."

Hata leo! Aliivaa miaka mingi, na bado anaifuata mpaka kaburini. Walikwenda nyumbani kuileta, wakamtupia. Akapanda juu, udongo magotini, wazee wakimsukuma kwa utani, akapita mbele ya mjane, akapita mbele ya injinia yule ambaye sasa ana mvi, akaja mpaka nilipokuwa. Akanivisha shingoni.

"Shika mzigo, mpagazi."

"Sikukuomba."

"Uliomba siku ya kwanza, pale kwa Mama Asha. Uliunyoosha mkono." Akajipangusa udongo. "Mimi mgeni nikadhani unanisalimia."

Niliifuta saa udongo kwa ncha ya khanga.

"Nimekukomboleeni saa na mzee wenu nimemruhusu azikwe," alisema. "Sasa una deni. Nikifa mimi, uje kwetu. Kwetu mwanamke haendi makaburini, basi ulizuie jeneza mlangoni. Usiliachie mpaka walipe."

Kibwana naye amestaafu, amerudi pwani na mkewe. Hupiga simu kila Ijumaa. "Mpagazi, umeshafunga mzigo?" Namjibu, "Sijafunga, wewe kufa taratibu." Masele akiwepo ananinyang'anya simu, wanazungumza wao mpaka salio linakwisha, na mimi nasimama pembeni kama mwenye ubao.

Deni ni deni, na nitalilipa. Nimeshamwambia Masele kwamba siku simu ya pwani ikilia vibaya anipeleke stesheni kwa pikipiki yake. Nitaivaa saa shingoni. Nitasimama mlangoni kwa Kibwana, nitanyoosha mikono yote miwili, na Wazaramo wote na ngoma zao hawatapita. Wataniuliza, "Mtani, unataka nini?"

Hapo ndipo ninapokwama. Kitu pekee cha Kibwana nilichowahi kukitamani kinaning'inia hapa ukutani kwangu, na kinatembea.